Sketi Iliyopunguzwa Mara Tatu

Saa mbili asubuhi, cherehani iko kimya. Mama Futi, fundi wa sare za shule, anashika kifundo cha mkono wa bintiye wa miaka kumi na sita, akihesabu mapigo, macho kwenye saa ya ukutani.

"Arobaini na sita," anasema.

"Umeruka moja, Mama. Mbona vishono huruki?"

"Vishono havinitishi, mwanangu."

Saa tano wana miadi kliniki. Mapigo ya moyo yakiwa yameshuka tena, binti atalazwa leo hii. Begi liko tayari mlangoni. Kila mmoja anajifanya halioni.

Wateja walimpa mama jina la Futi kwa sababu ya futi ya kupimia isiyomtoka shingoni. Ndiyo maana linamtafuna kwamba yeye, mpima watu, hakuona bintiye akikonda. Mwaka jana binti alimletea sketi: "Mama, inanipwaya." Akaipunguza kiuno. Baada ya miezi miwili, tena. Kisha tena.

"Nikamsifu!" anasema, akijipiga paja. "Nikamwambia ana umbo linalopendezwa na nguo. Angekuwa mtoto wa mteja, ningeuliza kulikoni."

Binti alipozimia shuleni, daktari aliwaeleza: ni anoreksia, ugonjwa unaomtia mtu hofu ya kula na kunenepa. Mwili ukikosa chakula hujila wenyewe. Moyo nao ni msuli. Hunywea, ukapiga kwa kusuasua. Mifupa hudhoofu, figo huelemewa, tumbo huchelewa kusaga chakula, hedhi hukatika.

"Na baridi," mama anaongeza. "Anavaa sweta jua kali, mimi nadhani fasheni."

Zamani alishona sketi tano kwa siku. Sasa ni mbili, maana kila mlo hukaa na bintiye mezani, hata saa nzima, bila kumfokea. Kipato kimeshuka, lakini hilo halimnyimi usingizi.

Anaipindua sketi. Ndani, kitambaa chote alichokunja bado kipo. Hakukata hata kipande.

"Natamani siku aje aninunie kwamba inambana."

Binti anaitazama, halafu anatazama kikombe cha maziwa mbele yake. Anakunywa funda moja, anapumzika, anakunywa la pili, mpaka kikombe kinakwisha.

"Fumua nusu inchi," ananong'ona. "Usizidishe, Mama. Naogopa."

Mama Futi tayari ameshika mkasi.

"Nusu tu," anamwambia. "Nyingine tukirudi."