Taa Iliyotua Kwenye Karanga Zangu

Karanga zangu zilikuwa ndiyo kwanza zinatoa maua, wachimbaji wawili wakaingia uani kwangu na sururu begani. Walisema jana jioni waliona taa ya ajabu, nyeupe, inayumbayumba, ikashuka taratibu mpaka ikatua katikati ya shamba langu.

"Shikamoo, bibi. Dhahabu imejionyesha kwako."

"Marahaba. Imejionyesha kwangu, mbona mmeiona ninyi?"

Huku kwetu Mwakitolyo watu wanaamini dhahabu ikikomaa huwaka jioni. Mmoja akishasema kaona, kesho yake ni umati, na hakuna anayeuliza karanga ni za nani. Shamba la jirani yangu liliisha hivyo. Leo ni mashimo matupu, mbuzi wanatumbukia.

Mjukuu wangu, ambaye ni mwalimu, akasema ile ni Zuhura, nyota ya jioni tu.

Yule mchimbaji mrefu akacheka. "Nyota gani inayumba, mwalimu?"

"Ikiwa chini hivyo, joto la ardhi ndilo linalotikisa mwanga wake."

Mfupi akasema labda ni droni ya mgodini.

"Kama ni droni, ngosha, unataka kuchimba nini hapa? Betri?" nikamwuliza.

Mimi shule niliiacha mapema, na hiyo Zuhura sikuiamini sana. Lakini kitu kikitua, si unakiendea ukakiokota? Nikawaambia waziache sururu kwangu, jioni twende wote tukakiokote.

Jua lilipozama ikaonekana. Ukiwa uani kwangu, kweli, ilikuwa juu ya karanga. Tukatembea hadi mwisho wa matuta, ikawa juu ya mpunga wa jirani mwingine. Tukavuka majaruba, miguu tope tupu, ikawa juu ya kilima. Mrefu akataka tuendelee.

"Endeleeni," nikasema. "Mkifika Buseresere mtaambiwa imetua Biharamulo."

Mfupi akakaa chini kwenye tuta, akacheka mpaka akashika mbavu. Mrefu hakucheka.

"Jana kulikuwa na ya pili, bibi. Nyekundu. Yenyewe ilipanda."

Nikamtazama mwalimu wangu. Akainama kukwangua tope miguuni. Na mimi hiyo nyekundu niliiona, nilikuwa nasugua sufuria. Mpaka leo hakuna aliyenipa jibu lake likaniingia.

"Kama ilipanda," nikamwambia, "kachimbeni huko huko juu."

Karanga nilizing'oa mwenyewe zilipokomaa. Wale wawili walikuja kunisaidia kumenya, wakala nyingi kuliko walizomenya.