Moto wa Kwake Mwenyewe

Daktari Velma Nyambeki alikuwa hajaketi vizuri Ogada alipoingia na kuufunga mlango nyuma yake.

"Daktari, hiyo kitu mmeona kwa koo ya ndugu yangu, usimwambie. Sema ni vidonda vya tumbo."

Nje, kwenye benchi la zahanati hiyo ndogo ya Chepseon, mdogo wake, Lazarus Oyugi, alikuwa akiwachekesha wagonjwa wenzake. Tangu ujanani alikuwa mchochea boila katika kiwanda cha chai, na watoto wake wote walilelewa katika nyumba za kampuni. Sasa alikuwa amekonda hadi koti lake likaonekana la kuazima, na hata uji ulipita kwa shida. Majibu ya hospitali kubwa yalikuwa mezani kwa Velma: saratani ya umio, na ilikuwa imeshafika kwenye ini.

"Akijua, atalala tu angoje kufa," Ogada alisema. "Baba hayuko. Mkubwa ni mimi, na mimi ndiye namsemea."

Velma aliyajua maneno hayo. Kwao Kisii wajomba walimficha nyanya yake vivyo hivyo, kwa upendo mtupu, naye akafa akipanga mambo ya mwaka uliofuata.

"Mzee Ogada, sitamdanganya," alisema. "Lakini pia sitamlazimisha kujua. Nitamuuliza mwenyewe."

"Na akikata tamaa?"

"Nitakuwa hapa. Na wewe utakuwa hapa."

Lazarus aliingia na mkewe, Dolphine.

"Mzee, majibu yamekuja. Kuna wanaotaka kuambiwa yote, na kuna wanaosema niongee na familia. Wewe unatakaje?"

Lazarus alimtazama kaka yake. Ogada akatazama dari.

"Omera, ndugu yangu, hiyo dari inavuja?" Lazarus akamtania, kisha akamgeukia daktari. "Mimi ni mtu wa boila. Geji ya presha ikinidanganya, tunalipuka wote. Sema."

Velma akasema, kwa maneno mepesi, bila kukimbia. Dolphine aliikunja leso yake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Sitapona?"

"Hutapona, mzee. Siwezi kukupa tarehe, lakini tunahesabu miezi, si miaka."

Kisha akamweleza njia zilizokuwepo. Kulikuwa na dawa kali za mjini. Huenda zikamwongezea siku, lakini nyingi angezimaliza kitandani huko. Au angewekwa kibomba kwenye umio ili chakula kipite, apewe dawa za maumivu, aende nyumbani.

"Wewe ungechagua gani?"

Jibu lilikuwa ulimini mwa Velma, lakini alilizuia. "Kwanza niambie. Kuna jambo gani hutaki kuliacha bila kulimaliza?"

Lazarus alicheka, cheko lililokatizwa na kikohozi. "Boma langu! Kila likizo nilisema mwaka ujao."

Akamweleza daktari kwamba kwao, kando ya ziwa, mwanamume hufungua boma lake kwa miguu yake mwenyewe, jogoo mkononi, mkewe amebeba moto, na mwanawe wa kwanza ana shoka. Nyumba husimama siku hiyohiyo. "Kabla ya hapo wewe ni mtoto kwa baba yako, hata ukiwa na mvi. Moto nimechochea maisha yangu yote, daktari, lakini wa kampuni."

Ogada alikuwa ameinamisha kichwa. Sasa alielewa kosa alilokuwa karibu kulifanya. Kwa uongo wake, mdogo wake angeketi akingoja kupona ndipo ajenge.

"Basi mimi kama daktari wako nakushauri kibomba," Velma akasema. "Dawa za mjini zitakulaza wakati ambapo unahitaji miguu."

"Weka hiyo bomba," Lazarus akasema. "Na wewe Ogada, acha kulia. Baba hayuko, utanipimia kiwanja wewe. Ukikipinda nitakubomolea."

Kibomba kikawekwa. Wiki hiyohiyo Lazarus akameza mayai, akapata nguvu kidogo, akaomba ruhusa kazini.

Siku ya kujenga, Velma alialikwa. Alipofika, nguzo zilikuwa zimeshasimama na vijana wakikanyaga udongo kwa nyimbo. Alisimuliwa jinsi asubuhi Ogada alivyotangulia, na Lazarus akamfuata kwa hatua fupi, jogoo akimpigapiga mbawa kifuani, na walipotaka kumshika mkono alifoka: "Niacheni! Nani amewahi kubebwa akienda kwake?" Nyuma yake alikuja mwanawe Robert na shoka, kisha Dolphine na makaa ndani ya chungu.

Jua lilipoanza kushuka, bati la mwisho lilipigiliwa. Vigelegele vikapaa. Dolphine akaweka makaa mekoni, na Lazarus akapiga magoti, akayapuliza kwa pumzi ile kidogo iliyobaki hadi yakashika.

"Daktari, ingia kwangu!" aliita kutoka ndani ya moshi, machozi yakimtoka. "Huku hatuna ndizi zenu za Kisii, ni supu ya samaki tu."

Ogada ndiye aliyemletea Velma kiti. Lazarus akanywa supu yake taratibu, akiegemea ukuta wake wenye udongo mbichi, na kila tone likapita.