Awasemea viziwi kwa daktari, kwao wamwogopa

Saa mbili kasorobo asubuhi, nyuma ya duka la magodoro, mwanamke wa miaka thelathini na minne anavuta maboksi mawili na kuyapandanisha yawe meza. Juu yake anaweka kompyuta ndogo. Kutoka kwenye begi la mgongoni anatoa skrini ya pili, nyembamba kama sinia, anaiegemeza kwenye jalada lake na kuiunganisha kwa waya mmoja. Anarudi nyuma hatua moja, anajitazama kwenye kamera.

Kichwa kinaonekana, kiuno kinaonekana, mikono haikatwi na ukingo wa picha. Nyuma yake ametundika shuka la buluu lisilo na maua.

"Dada, ukisikia usingizi usijitupe hapo, hayo yote yamefungwa nailoni," mwenye duka anamtania kutoka mbele.

"Nikilala hapa utayauza kama mtumba," anajibu bila kugeuka.

Yeye ni mkalimani wa lugha ya alama. Kiziwi anapofika hospitali ambako hakuna anayemwelewa, daktari humpigia mkalimani kwa video. Daktari huonekana kwenye kompyuta. Mgonjwa huachiwa skrini ya pili nzima, peke yake, kwa sababu maneno yake yamo kwenye vidole, uso na mabega.

"Zamani niliwabana wote kwenye kioo kimoja," anasema. "Mgonjwa anaonekana kadogo kama stempu. Kila saa, hebu rudia, hebu rudia. Mtu ana maumivu yake, wewe unamrudisharudisha. Aibu tupu."

Skrini hiyo aliinunua kwa mfuko wake. Kampuni humlipa kwa dakika, na dakika za kungoja simu hazimo. Ilichompa bure ni masharti: chumba kimya, vipokea sauti masikioni, mtu mwingine asiwepo, na lolote atakaloliona au kulisikia afe nalo.

Magodoro humeza kelele, ndiyo maana yuko hapa. Hakuja kwa kupenda. Alikuwa na chumba chake chenye dirisha nyumbani kwa mama yake, wanakoishi pia kaka yake, mke wa kaka na mtoto wao mchanga.

Kilichomtoa ni kanuni ya kazi yenyewe. Mkalimani hasemi "mgonjwa anasema anaumwa." Kiziwi akionyesha kwa mikono kwamba anaumwa, yeye hutamka, "Naumwa," kana kwamba mwili ni wake. Aliye nje ya mlango hamwoni kiziwi, wala hamsikii daktari. Anasikia sauti moja tu.

Siku moja mke wa kaka yake alikuwa akipita ukumbini na mtoto mgongoni. Akasikia, kama kaka mtu alivyomsimulia mwandishi baadaye: "Nakohoa damu. Dawa za kifua kikuu niliziacha mwenyewe. Nyumbani hawajui."

"Jioni sahani yangu ikaletwa chumbani," mkalimani anasimulia. "Nikauliza, kulikoni? Kaka akasema mkewe amesikia yote."

Alijieleza mpaka mate yakamkauka. Kaka akamuuliza swali moja: "Kama si wewe, ni nani? Mtaje." Hapo ndipo alipokwama, maana hata kusema mgonjwa ni mwanamume au mwanamke haruhusiwi. Alikwenda kupima, akarudi na majibu safi. "Wewe unashinda na madaktari kutwa," kaka akamwambia, "majibu mazuri utayakosaje?"

Mwandishi alipompigia simu, kaka mtu hakufoka. "Nina mtoto wa miezi mitano," alisema. "Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Si swali la kijinga, na hilo linakera zaidi.

Lakini aliyemvunja moyo ni mama. Lugha hii ilianzia nyumbani kabla ya kuwa kazi. Dada yake mkubwa, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa kiziwi, na yeye ndiye aliyemsemea tangu utotoni: "Mama, nina njaa." "Mama, kiatu kinanibana." Mama alimpakulia dada mtu, au akamvua huyo huyo kiatu. Hakuwachanganya hata siku moja.

"Nikamkumbusha. Nikamwambia, Mama, mbona zamani ulijua?" Ananyoosha shuka ambalo limeshanyooka. "Akasema, 'Mwanangu, dada yako nilikuwa namwona. Hao wako siwaoni.'"

Simu inaita. Mwandishi anatolewa nje na mlango unafungwa. Unapofunguliwa tena, mkalimani ana macho mekundu.

"Habari mbaya?"

"Habari gani?" anajibu, na kufunga mjadala.

Siku hizi analala kwa rafiki yake, fundi cherehani ambaye ni kiziwi. Cherehani inalia chumbani kutwa na mwenyewe haisikii, kwa hiyo kufanyia kazi humo hakuwezekani.

Anakiri kwamba shetani ameshampitia. "Nilitaka kumwita mama akae nyuma ya kamera, dakika moja tu, amwone mgonjwa kwa macho yake. Halafu nikafikiri, yule naye ana mama yake."

Ameamua njia nyingine. Jumapili hii fundi, ambaye si mgonjwa wa mtu na hafungwi na kiapo cha yeyote, ataketi mbele ya mama na kusimulia maisha yake kwa mikono. Yeye atayatamka. Mama atasikia binti yake akisema ana watoto watatu, akisema mumewe alimwacha, na mwenye mambo hayo atakuwa amekaa palepale.

Alimpigia mama kumwomba ruhusa. Mama akajibu: "Mlete. Lakini mkae uani. Ndani msiingie."

"Nilikata simu nikalia kama mtoto," anasema, akikunja waya wa skrini. "Halafu nikamwambia fundi tunakwenda."

Uani?

"Uani si mbaya. Kuna mwanga mzuri. Mikono ataiona."