Mfupa Kwenye Kinywa cha Mbwa Wetu

Jina la mbwa wetu sitaliandika. Mume wangu alimpa jina la kumsema jirani, kama watu wa huku wanavyofanya. Huwezi kumwambia mtu usoni kwamba ni mchoyo, basi unampa mbwa jina hilo, halafu kila jioni unasimama uani unamwita kwa sauti kubwa. Jirani anasikia, na hana la kujibu, maana umemwita mbwa wako.

Mbwa mwenyewe hana kosa. Ni jike, mwekundu, na shamba letu hapa Kibondo limepakana na pori. Bila yeye, mahindi yanaliwa na nyani.

Sasa mwaka mmoja mahindi yanakomaa, yeye akaacha kula. Namwekea ugali, anaunusa, anaondoka. Udenda unamtoka, anajikwaruza mdomo kwa mguu wa mbele, anasugua shavu chini. Nikamfunga kwenye mparachichi nimwangalie. Asubuhi jirani alipita, akaona, akarudi na panga, akanisalimia kwa Kiha.

"Mwakeye, shemeji. Huyo ana kichaa. Niacheni nimmalize kabla hajauma wajukuu."

Mume wangu akatoka ndani mbio. "Wewe huogopi kichaa! Unataka kuua jina!"

"Jina gani? Mimi sijawahi kusikia jina."

"Hujasikia? Ngoja nimwite."

Nikawanyamazisha wote wawili. Jirani hakusema ujinga. Kichaa cha mbwa ni kifo, na mbwa anayetokwa udenda haguswi, hata kama umemlea mwenyewe. Lakini huyu tulikuwa tumemchanja, nilimpeleka mimi. Watoto nikawafungia ndani, nikampigia simu bwana mifugo. Jirani akakaa kwenye gogo, panga magotini.

"Nangoja," akasema. "Akisema ni kichaa, kazi ni yangu."

Nilimtazama mbwa, naye akanitazama, mkia unatikisika kidogo. Sikulia. Ila chai ya asubuhi hiyo haikunyweka.

Bwana mifugo alifika na pikipiki yake jua limeshapanda. Aliuliza habari za chanjo, akasimama mbali akamwangalia mbwa kwa muda mrefu. Kisha akavaa glavu nene, akamchoma sindano ya usingizi. Mbwa alipolala, akamfungua kinywa, akamulika kwa tochi, akatuita.

Mfupa. Kipande cha mfupa kimelala juu kwenye kaakaa, kimebana kati ya magego ya upande huu na ya upande ule. Akaung'oa kwa koleo. Harufu iliyotoka! Jirani na panga lake akarudi nyuma.

"Nani amempa mfupa wa kupikwa?"

Mume wangu akaanza kuhesabu maparachichi juu ya mti. Tulikuwa na ubatizo wa mjukuu, tumechinja mbuzi, jirani kaalikwa. Na mzee wangu kwa makusudi kabisa akawa anamrushia mbwa mifupa ya supu mbele ya mgeni huku akimwita: "Kula, fulani, kula ushibe!" Mfupa ukishapikwa unapasuka vipande vyenye ncha. Mbwa akapasua, kimoja kikabaki.

Bwana mifugo hakuishia hapo. Akainua mdomo, akatuonyesha magego ya nyuma: ukoga wa kahawia umeganda kama masizi ya sufuria, ufizi umevimba. Huku kwetu mbwa akinuka mdomo tunafurahi, tunasema huyo ni mkali. Kumbe anaumwa. Na sisi tunatazama chonge tu, zile ndefu za mbele, tunaona nyeupe, tunaridhika, kumbe ugonjwa uko nyuma. Akaukwangua ukoga wote mbwa akiwa bado usingizini, akang'oa gego moja bovu, akaniachia dawa.

"Bibi, kuanzia sasa ni kumsugua meno kwa kitambaa safi na maji, kila siku. Dawa ya meno ya watu hapana. Mifupa ya kupikwa hapana. Ukoga ukiganda tena usiukwangue mwenyewe, niite."

Jirani akasimama, akafuta panga ambalo halikuwa na kitu. "Shemeji, basi nikakate majani ya ng'ombe."

Mahindi yale tulivuna wenyewe, nyani hawakuonja.

Sasa kila jioni nakaa kwenye kigoda, namwinua mdomo, nasugua. Mwanzo aliningurumia. Na mimi nilimngurumia. Tumezoeana. Jirani alinicheka sana, "Shemeji, hao wajukuu wako wanapiga mswaki kama huyo?", mpaka siku alipomleta mbwa wa kwake, ananuka vilevile. Huyo naye ana jina, na kijiji kizima tunajua linamsema nani.

Nikaweka sheria: kwenye uwanja wangu, mbwa haitwi jina. Nikishakaa kwenye kigoda nasema tu, "Njoo," na wanakuja wote wawili. Mume wangu anashika kichwa cha mbwa wa jirani, jirani anashika cha wetu, na mimi nasugua.