Kaseti ya Mama Apolot

Mama Apolot ana sabufa kubwa kuliko yangu. Ina spika mbili za pembeni, taa zinazobadilika rangi, bluetooth, mahali pa flashi na mahali pa memori kadi. Mwanawe Fidel aliituma kutoka Kampala, na siku ilipofika nilimcheka: mwanamke muuza mihogo, nyumba ya vyumba viwili, na dundo la kuamsha mtaa mzima! Leo sabufa hiyo imefunikwa kitambaa, na aliyesababisha ifunikwe ni mimi. Watu wanamlaumu Shakib. Wanamwonea.

Jina hasa la Mama Apolot ni Akiror, Mteso kutoka Buteba. Tumeuza pamoja sokoni hapa Busia, mpakani, miaka kumi na sita, yeye mihogo na viazi, mimi mitumba. Ni mkimya. Mimi si mkimya, labda ndiyo maana tunapatana. Mumewe Osinya, marehemu sasa, alikuwa mpiga akogo, ile ala ya vibamba vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba. Mtoto wao wa kwanza, Apolot, alimtangulia baba yake, akiwa na miaka mitano. Malaria, siku tatu, basi. Picha yake haipo. Miaka ile nani kijijini kwao alikuwa na kamera?

Kilichobaki ni kaseti. Osinya alijirekodi kwenye redio kaseti mchana mmoja uani, na katikati ya wimbo wa pili akanyamaza ili akaze kibamba kilicholegea. Hapo mtoto akapita mbio akimwita mama yake kwa Kiteso, "Toto! Toto!", yaani mama, akasema kuku kamwaga maji, akacheka. Haizidi sekunde kumi. Mama Apolot aliipiga kaseti hiyo kila Jumapili akitoka kanisani, mara moja tu, ili ukanda usilike. Majirani walidhani anamlilia mume. Mimi aliniambia ukweli.

"Osinya alikuwa anapiga vizuri," alisema, "lakini mimi nangojaga mtoto."

Kisha redio ikafa. Mafundi wa pande zote mbili za mpaka waliifungua, wakatikisa vichwa, wakasema spea zake hazipo tena. Miezi minane Jumapili zikapita kimya. Sabufa ilipokuja, nilimkuta akiizungusha nyuma na mbele, akitafuta pa kuingiza kaseti. Nikacheka tena, Mungu anisamehe.

"Usisumbuke," nikamwambia. "Shakib atakuhamishia kwenye flashi. Itakuwa safi, haitalika tena, hata ukiisikiliza mara mia kwa siku."

Shakib ni mtoto wa kaka yangu. Ana kibanda kule mtaa wa Sofia, anawawekea watu nyimbo kwenye flashi na simu: madereva wa malori wanaosubiri forodha, vijana wanaovuka kutoka Kenya, wenye baa. Ni hodari, sitamnyima sifa yake. Ila kila wimbo unaotoka kwake una muhuri, sauti ya msichana anayepiga kelele, "Shakib Dijito! Busia nzima inajua!" Wenye vibanda wote hufanya hivyo kwa sababu wanaibiana kazi. Yeye aliwahi kuibiwa nyimbo safi kutoka ndani ya kompyuta, kwa hiyo siku hizi anapiga muhuri palepale anaporekodi, kwa kubonyeza kitufe. Wimbo usio na muhuri hauko kwake popote. Nilijua hayo? Nilijua sana. Msichana yule hupiga kelele nyumbani kwangu hata katikati ya kaswida.

Ilikuwa siku ya soko, Mama Apolot hakuweza kuacha mihogo yake. Akanipa kaseti imefungwa kwenye leso.

"Zainah, mwambie huyo kijana, pale katikati muziki inanyamaza, kuna mtoto. Asiguse hapo."

"Sawa."

"Mwambie kuna mtoto."

"Nimesikia, Mama Apolot! Mimi si wa kutumwa mara mbili."

Njiani akanikamata mwanamke mmoja na gauni mkononi, akidai nimemuuzia likiwa limechanika. Limechanika! Alikuwa amelivaa harusini, jasho bado linanuka. Tuligombana mpaka watu wakasimama. Nilipofika kwa Shakib kichwa kilikuwa bado kinachemka, nikamwekea kaseti mezani na kumwambia, "Huu ni muziki wa marehemu. Uangalie sana huo muziki." Kisha nikarudi mbio kwenye ugomvi wangu, maana nilikuwa nimekumbuka neno zuri la kumjibu yule mwanamke.

Shakib alijitahidi. Ukanda ulikuwa umegandana kwa kukaa, akafungua kasha, akaupangusa, akauzungusha kwa mkono. Ukapita mara moja. Ulipofika mwisho ukakatika, mashine ikautafuna. Alinirudishia vipande ndani ya bahasha na kuomba radhi.

"Lakini muziki wote uko ndani, Shangazi. Safi kabisa."

Jumapili tulikaa kwa Mama Apolot, sisi wawili, chai mezani. Alikuwa hajavua gomesi, gauni lake la kanisani. Flashi ikaingia, taa zikawaka, na akogo ikajaa chumbani. Sijawahi kusikia kitu kizuri vile. Ungesema Osinya amekaa kwenye kiti cha pili.

"Hata kucha yake nasikia," Mama Apolot akasema, mkono mdomoni.

Wimbo wa kwanza ukaisha. Wa pili ulipoanza alitoka kitini, akapiga magoti karibu na spika, akainamisha kichwa. Akogo ikanyamaza.

"Shakib Dijito! Busia nzima inajua!"

Mara mbili, mfululizo. Chini yake, mbali sana, palikuwa na kitu kama mlio wa kifaranga. Kisha Osinya akaendelea kupiga.

Akairudisha nyuma. Akasikiliza. Akairudisha tena, mara ya tatu, ya nne, akiwa ameweka sikio kwenye kitambaa cha spika, na msichana akampigia kelele sikioni kila mara. Hakulia. Niliyelia ni mimi, na kwa kuwa kulia kwangu hugeuka hasira upesi, nikampigia Shakib simu nikamtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Akaningoja nimalize.

"Shangazi, mimi niliheshimu muziki," akasema. "Juu ya akogo sikugusa hata kidogo. Nilingoja mpaka ikaja kelele ya mtoto, ndiyo nikaweka hapo. Si wewe ulisema niangalie muziki?"

Simu yangu ina sauti kubwa. Mama Apolot alisikia kila neno.

"Ulimwambia kuna mtoto?" akaniuliza.

"Sikumwambia."

Aliitikia kwa kichwa, akazima sabufa ukutani. Afadhali angenipiga. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe, na bado ninayo.

Shakib alihangaika wiki mbili na programu zake za kompyuta. Akimtoa msichana, mtoto anatoka naye. Akimwacha mtoto, msichana anabaki. Mwishowe alikuja mwenyewe kwa Mama Apolot kusema ameshindwa, na mama wa watu akamkaribisha chai.

Mwezi uliopita mvua ilitukalisha sokoni bila wateja. Mama Apolot alikuwa anamenya mihogo. Ghafla akasema, "Ngoja nikuonyeshe mtoto alikuwa ananiita namna gani." Hakuwahi kufanya hivyo hata siku moja. Akaweka kisu chini, akavuta pumzi, akafungua mdomo. Nikangoja. Akaufunga. Akajaribu tena, midomo ikacheza, hakikutoka kitu.

"Zainah," akasema, "nikimtafuta, nampata huyo msichana tu."