Sauti Iliyotolewa Katika Wimbo wa Tatu

Mtaani walimwita Masikio, kwa sababu angeweza kukuambia feni yako imelegea skrubu kabla wewe mwenyewe hujaisikia ikilia. Alikuwa fundi wa kurekodi muziki. Studio yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya umeme, ghorofa ya tatu, kuta zimefunikwa kwa magodoro makuukuu na dirisha limezibwa kwa blanketi.

Albamu ile ilikuwa wazo lake tangu mwanzo. Alitaka kuchanganya nyimbo za asili alizolelewa nazo, pop na jazi. Kwa jazi alimpata mpiga saksafoni mstaafu wa bendi ya hoteli, mzee mpole asiyependa papara. Kwa pop alimpata binti aliyeitwa Kidoti, ambaye nyimbo zake zilikuwa zimeanza kuvuma. Nyimbo za asili hakuzitafuta mbali. Shangazi yake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, alikuwa nazo tele kichwani.

Shangazi alikuwa na magoti mabovu. Kila Jumamosi alipanda zile ngazi akipumzika mara mbili, na akifika husema, "Mwanangu, studio yako hii imepakana na mbingu." Kisha anakunywa maji, anavua viatu, anaimba. Aliimba alivyozoea, akikaza mwendo panapomkolea, akiulegeza panapomgusa. Mpiga saksafoni alimfuata bila shida. Kompyuta ndiyo iliyoshindwa.

Wimbo wa tatu ulimhangaisha Masikio wiki nzima. Ndio uliotegemewa kuibeba albamu, na kila alipouweka juu ya mdundo wa pop, sauti ya shangazi ilitangulia au ikabaki nyuma. Mwishowe akamwita Kidoti, akamwambia shangazi amechoka, hataki tena kuuimba. Kidoti akaziimba sehemu zote za shangazi, akaiga hadi lafudhi. Ikakaa sawasawa. Masikio akaitoa sauti ya shangazi, akajiambia atamweleza Jumamosi. Jumamosi ikapita, na nyingine ikapita.

Albamu ilipotoka, shangazi alifua vitambaa vya makochi, akaalika majirani sita waje Jumapili mchana kumsikiliza. Masikio ndiye aliyeleta spika. Njia nzima alikuwa akitunga maneno ya kumwambia. Alipofika akakuta viti vimeshapangwa na watu wameshakaa, akaanza kuiunganisha spika.

Wimbo wa tatu ukaanza. Shangazi akainua mkono kuwanyamazisha watu. Sauti ikaingia, nyororo, ya msichana. Mkono ukabaki hewani kidogo, kisha akaushusha mapajani.

"Mbona umekuwa kama binti wa miaka ishirini?" jirani mmoja akauliza.

"Mashine hizo," shangazi akasema. "Siku hizi zinapiga pasi hadi koo."

Watu wakacheka. Masikio naye akacheka. Alipojisikia akicheka, aliinamia spika akajitia kupunguza sauti. Aliondoka kabla ya chai, akisingizia kazi.

Kwa wiki tatu hakupokea simu za shangazi. Mpiga saksafoni alipousikia wimbo alimuuliza neno moja tu: "Mwenyewe alijua?" Masikio akajitia kukunja nyaya.

Hatimaye alikwenda kwa shangazi. Alimkuta akichambua mchele mezani. Hakukaa.

"Shangazi, kwenye ule wimbo nilikutoa. Hakuna aliyenilazimisha. Na Kidoti nilimdanganya kwamba wewe ndiye uliyekataa."

"Sauti yangu naishi nayo, mwanangu. Ningekosaje kujua?" Vidole vyake viliendelea na mchele. "Kutolewa nisingelia. Ungesema tu, shangazi, hapa hapakukaa vizuri. Lakini uliniacha nikaalika watu."

"Nitawaita wote niwaambie ukweli."

"Uwaambie nini, kwamba niliwadanganya? Nimeshakusitiri mbele yao. Usinivue nguo mara ya pili."

Masikio alikuwa amekuja kuutua mzigo, na sasa akaambiwa arudi nao. Alisimama pale hadi shangazi alipomwonyesha kiti.

Kesho yake alimweleza Kidoti yote. Kidoti akasema, "Ningeimba naye. Hukuniuliza." Wakaurudia wimbo, wakiirudisha ile sauti ya shangazi ya rekodi za awali. Waliondoa mdundo kila alipoimba shangazi, wakaacha saksafoni peke yake imfuate, na Kidoti akaimba nyuma yake. Wimbo mpya ukawekwa mtandaoni mahali pa ule wa kwanza.

Shangazi aliusikiliza kwenye simu hadi mwisho, macho dirishani.

"Hapo katikati nimekohoa," akasema.

"Nimekiacha kikohozi."

"Hicho ndicho ungekitoa." Hakutabasamu. Akamrudishia simu, akaenda kuteleka maji.

Studio hakwenda tena, na Masikio hakuthubutu kumwomba. Humtembelea kila wiki, wakiongea habari za ndugu na za mtaa, nyimbo hawazigusi. Jirani akiingia na kuisifu ile albamu, Masikio husema asante, macho ameyainamisha chini, akimsubiri abadilishe mazungumzo.