Ukanda Mweupe Hushonwa, Haupakwi

Shangazi yangu hakuwahi kuacha nguo iguse chini. Akianua shuka aliitupia begani kwanza, akazitafuta ncha zake nne kwa vidole, kisha akaikunja hewani huku kidevu kikishikilia katikati. Taulo, kitambaa cha meza, hata gunia tupu la mkaa, vyote alivikunja hivyo hivyo, kana kwamba kila kimoja kilikuwa na cheo. Tulipokuwa watoto tulimcheka. Ukimsaidia kuanua na shuka yako ikagusa vumbi, ulipata kofi la mkono na maneno mawili matatu: "Chini ni kwa miguu, wewe!"

Alikuwa mshona bendera. Kwa miaka thelathini na minne alifanya kazi katika karakana ya serikali, jengo refu la mabati lililokuwa nyuma ya bohari, lenye vyerehani kumi na viwili vya kukanyaga na meza moja ndefu ya kukatia. Ukingoni mwa meza hiyo palikuwa na misumari midogo iliyopigiliwa na mafundi wa kwanza kabisa: huu ni upana wa bendera ya shule, huu wa ofisi, huu wa mahakama. Chini ya meza walitandika turubai safi, ili bendera ikiponyoka isifike sakafuni.

Mafundi wenzake walimwita Mama Pindo, kwa sababu pindo lake lilikuwa limenyooka hata akishona huku anazungumza. Mkataji wa nguo, mzee wa mzaha aliyeitwa Mkasi, alimtania kila asubuhi: "Mama Pindo, siku ukifa tutakuchimbia kaburi mbili kwa tatu." Naye alijibu bila kuinua macho, "Ulichimbe wewe? Litakwenda upande kama mkato wako."

Mbili kwa tatu ndicho kipimo cha bendera yetu kisheria. Upana ukiwa mbili, urefu ni tatu. Juu ni buluu, ya watu wa ziwani. Chini ni kahawia, ya watu wa jembe. Katikati unapita ukanda mweupe, mwembamba, sehemu moja ya kumi ya upana. Watu hawa wawili walipigana kabla sisi hatujazaliwa, na siku walipochoka kuzikana walikubaliana juu ya mambo mengi, mojawapo likiwa nguo hii. Waliotunga sheria ya bendera waliandika kwenye jedwali lake jambo ambalo wengi hawajalisoma: ukanda mweupe uwe kipande cha pekee, kilichounganishwa na vile viwili kwa mshono. Haupakwi rangi wala kuchapwa. Aliyemfundisha shangazi kazi alimweleza sababu, naye akanieleza mimi nikiwa nimekaa miguuni pake nikiokota nyuzi.

"Rangi huchujuka yenyewe, hakuna wa kuulizwa," alisema. "Lakini mshono hauachii hivi hivi. Atakayetaka kututenganisha lazima akae kitako, ashike wembe, afumue. Na mtu anayefumua anaonekana."

Mshonaji alipomaliza bendera alitia alama yake kwenye pindo la upande wa mlingoti, nukta chache za uzi. Ya shangazi ilikuwa nukta tatu na mkato mmoja. Bila alama hiyo bendera haikutoka nje ya karakana. Na iliyochakaa ilirudishwa: ikitengenezeka, ukanda ulifumuliwa ukawekwa mpya, ikishindikana, ilichomwa ndani ya ua uliofungwa, mafundi wawili wakiwa wamesimama kimya. Kwa hiyo wembe wa shangazi ulikuwa umepita katika mamia ya bendera, na hakuna aliyewahi kuona kosa, maana ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Kisha akaja meneja mpya. Huyu hakuwa mtu wa sindano. Alikuwa mtu wa simu mbili na shati lililopigwa pasi hadi likalia. Mkutano mkubwa wa wageni ulikuwa umepangwa, na kila ofisi, kila shule na kila mahakama ilitakiwa kupandisha bendera mpya ndani ya siku tisa. Mafundi walimweleza kwamba bendera mia sita hazishoneki kwa siku tisa. Alitabasamu tu. Siku ya sita liliingia lori, likashusha marobota ya bendera zilizochapwa kiwandani, kitambaa kimoja chembamba kinachong'aa kama mfuko wa plastiki, rangi tatu zimepigwa juu yake. Kilichobaki, alisema meneja, ni mafundi kutia alama zao kwenye pindo.

Hapo ndipo shangazi alipoombwa kusema uongo kwa uzi wake mwenyewe.

"Mimi sikuzishona hizi," alisema.

"Mama, hakuna anayekuomba ushone. Weka alama tu."

"Alama inasema nimeshona."

"Nani atajua? Kutoka chini zinafanana!"

"Bendera haikuwekwa juu ili isikaguliwe, mwanangu."

Mafundi wengine walikuwa wameinamisha vichwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kila mmoja alikuwa na mzigo wake nyumbani. Meneja alichukua bendera moja, akaitupa mbele yake. "Nionyeshe basi tofauti!"

Shangazi alifanya kile ambacho mkono wake ulikuwa umekifanya kwa miaka thelathini na minne. Alikunjua bendera mezani, akautafuta ukanda mweupe kwa kidole gumba, akaingiza wembe mahali mshono unapopaswa kuwa. Hapakuwa na mshono. Palikuwa na kitambaa tu, na wembe haukukutana na kizuizi. Ulipita, buluu ikaachana na kahawia kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ya karatasi inayochanwa.

"Unaona?" alisema. "Hakuna kinachoishika."

Meneja alikuwa ameshainua simu moja na kupiga picha.

Wiki iliyofuata shangazi alisimama kizimbani, mwanamke wa miaka hamsini na tisa ambaye hajawahi hata kugombana na jirani juu ya maji ya mfereji, akasomewa shtaka la kuikata na kuidhalilisha bendera ya taifa. Niliketi benchi la nyuma, nikasikia maneno hayo yakisomwa juu ya mtu aliyenipiga kofi kwa sababu ya ncha ya shuka. Bado sijui hasira ile niiweke wapi.

Hakuwa na wakili. Aliomba jambo moja tu, asomewe jedwali la sheria. Hakimu, mwanamke mwenye miwani na sauti ya upole, alilisoma mwenyewe: "Bendera ya taifa ni nguo ya vipande vitatu, vilivyounganishwa kwa mshono..." Alisita, akarudia mstari ule kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Mheshimiwa," shangazi alisema, "naomba mwendesha mashtaka aseme kielelezo chake kilikuwa na vipande vingapi kabla sijakikata."

Mwendesha mashtaka alikiinua kitambaa. "Vitatu. Buluu, nyeupe, kahawia."

"Hizo ni rangi, baba. Vipande."

Watu walicheka. Mwendesha mashtaka alikigeuza kitambaa, akakigeuza tena, kama anayetafuta mfuko ambao suruali haina.

"Basi kama ni kimoja," shangazi aliendelea, "sheria yenu wenyewe inasema hiyo si bendera. Nimekata kitambaa. Na aliyepandisha kitambaa kama hiki mlingotini akakiita bendera, huyo ndiye wa kuulizwa."

Kicheko kilikatika, kwa kuwa sote tulitazama mahali pamoja. Nyuma ya kiti cha hakimu ilining'inia bendera mpya, inang'aa, haina mshono. Hakimu naye aligeuka. Aliitazama kwa muda, kisha akavua miwani, akaifuta, akaahirisha kesi.

Aliiahirisha mara tano. Mara faili halipo, mara shahidi yuko safarini, shahidi akiwa ni meneja ambaye tulimwona kwenye picha za gazeti akipeana mikono na wageni. Kila tarehe shangazi alivaa gauni lile lile la kijivu, akatembea kwa miguu hadi mahakamani, akakaa chini ya kitambaa kile. Hakuogopa kifungo. Alichotaka ni sentensi moja iandikwe kwenye karatasi yenye muhuri: huyu hakuikata bendera. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wao walimnyonga, na haki wakaifungia kabatini.

Mara ya sita mwendesha mashtaka alisimama akasema upande wake hauna nia ya kuendelea na shauri. Hakimu akasema shauri limeondolewa.

"Mheshimiwa," shangazi aliuliza, "nimekosa au sikukosa?"

"Mama, uko huru. Nenda nyumbani ukapumzike."

"Kupumzika najua. Naomba kujua kama nimekosa."

Hakimu alitazama meza yake. Nadhani aliona aibu, na ninamwandikia hilo kwa sababu ni kweli, ila aibu yake haikumsaidia shangazi kitu. Kumwandikia fundi mmoja kwamba hakukosa kungekuwa kukiri kwamba mia sita zile, juu ya kila paa la serikali, hazikuwa bendera. Ikawa rahisi zaidi kumwacha mwanamke mmoja aning'inie, si mwenye hatia, si msafi.

Karakana ilimwandikia barua ya kumstaafisha mapema, "kwa kuzingatia mazingira." Mkasi ndiye aliyemletea mkasi wake na wembe, vimefungwa kwenye gazeti. Alisimama mlangoni, hakutania. "Nimetia alama yangu kwenye hamsini," alisema. Shangazi alimwambia aingie, akamwekea chai, wakanywa.

Mtaani jina la Mama Pindo lilikufa. Nilikuwa naye dukani siku moja mwanamke mmoja alipomnong'oneza mwenzake, "Ndiye yule aliyechana bendera." Niligeuka na maneno yangu tayari. Shangazi alinishika kiwiko. "Acha. Mahakama yenyewe haikusema vinginevyo, huyu aseme kwa lipi?"

Msimu wa mvua ulipokwisha, bendera za lori zilikuwa zimechujuka. Ukanda mweupe uliingiwa na buluu kwa juu na kahawia kwa chini, hadi ukapotea. Hakuna aliyeshtakiwa. Rangi ilikuwa imechujuka yenyewe. Shangazi alipita chini ya ile ya posta kila alipokwenda zahanati, akanyanyua macho, akayashusha, akaendelea na safari yake. Meneja alikuwa amehamishiwa ofisi kubwa zaidi.

Moyo wa shangazi ulichoka miaka miwili baadaye. Nilikwenda wodini alasiri, nikamkuta amelala ubavu, vidole vyake vikitembea polepole kwenye pindo la shuka ya hospitali, vikihesabu mishono. Nilimfunika vizuri. Upande wa pili wa kitanda shuka ilikuwa imeteleza, ncha yake imelala sakafuni, nami sikuiona. Yeye aliiona.

"Inua hiyo ncha, mwanangu," alisema. "Wasije wakasema ni mimi niliyeiangusha."